Mstari wa Mahali

Katika nchi moja ambayo raia wake wote ni huru, na hukumbushwa hivyo kila asubuhi kwa kipaza sauti, kulikuwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa Wazi. Mataifa mengine yalinunua mifumo yao kwa wageni, yakauziwa boksi lililofungwa, yasijue ndani kunapikwa nini. Nchi ile ilijitengenezea wa kwake. Kila mstari wa Wazi ulisomeka na kila mtu, na yeyote aliyeona kosa, awe profesa au muuza vitumbua, aliruhusiwa kuandika kiraka, yaani mistari michache ya kurekebisha, na kukituma Barazani. Baraza lenyewe halikuwa na viti wala mkeka. Lilikuwa orodha ya barua pepe ambamo watunzaji wa mfumo walijadiliana mbele ya macho ya taifa zima, wakabishana, wakanuniana, na mwishowe wakaafikiana. Serikali ililionea fahari sana jambo hili. Ililiweka chini ya Wizara ya Uwazi na Usiri, na waziri wake, Mheshimiwa Pakacha, alikuwa na ofisi mbili, moja kwa kila upande wa kazi yake. Ile ya Uwazi ilikuwa imefungwa kwa ukarabati tangu siku ya kuzinduliwa.

Ndani ya Wazi mlikuwa na orodha mbili za majina. Ya kwanza iliitwa WATUNZAJI, ya watu waliobeba dhamana ya sehemu mbalimbali za mfumo. Ya pili iliitwa SHUKRANI, ya watu waliokwisha kuondoka, kwa kustaafu au kwa kufa. Mtunzaji alipofariki, wenzake walilitoa jina lake kwenye orodha ya kwanza na kulihamishia kwenye ya pili kwa mistari mitatu: Jina, Kazi, Mahali. Kwa aliyestaafu, Mahali ulikuwa mji anaoishi. Kwa aliyekufa, ulikuwa makaburi alikozikwa. Na ilikuwa ada ya Wazi kwamba kila kompyuta inapowashwa, majina ya SHUKRANI yapite kwenye kioo, na jina la mwisho kabisa libaki pale likisubiri mtu abonyeze kitufe ndipo kazi ianze.

Mtunzaji wa kiini, ile sehemu ambayo bila yake nyingine zote ni mapambo, alikuwa Badru Shomvi. Alikitunza kwa miaka kumi na minane. Alikuwa mtu wa polepole, aliyeweza kukaa na kiraka kimoja siku tatu kabla ya kusema lolote, na alipofungua mdomo alianza kwa swali lile lile: umejaribu kwenye mashine kuukuu? Mashine kuukuu ilikuwa nyumbani kwake, chini ya dirisha la sebule, limtambo kubwa la kijivu lenye feni linalokohoa. Badru alisema kule bara, mashuleni na kwenye zahanati, watu wanatumia mashine kama ile, na kiraka kinachoishinda hiyo kinawashinda wao. Mkewe, Mwanamize, aliyekuwa mtunzaji wa sehemu ya printa, alikwisha kulalamikia lile feni mpaka akachoka, akalizoea.

Siku moja Wizara yenyewe ilituma kiraka. Kiliitwa Kuongeza Usikivu wa Serikali kwa Wananchi. Watunzaji wengine walikipongeza kwa jina lake. Badru alikaa nacho siku tatu, kisha akajibu mbele ya taifa zima kwamba kiraka hiki kinafungua kipaza sauti cha kompyuta bila mwenye kompyuta kujua, kwamba hakiridhii, na kwamba, halafu, je, wamekijaribu kwenye mashine kuukuu?

Jumatano iliyofuata walikuja mabwana wawili wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa na adabu, walivua viatu mlangoni, wakamwamkia mwenye nyumba. Walisema ni ufafanuzi mdogo tu, atarudi kabla wali haujapoa. Mwanamize aliifunika sahani ya mumewe kwa kawa.

*

Wizara ilitangaza kwamba Bwana Badru Shomvi yuko masomoni nje. Nje ya nini, tangazo halikusema. Kwa siku nane Baraza lilikwama, kwa sababu hakuna kiraka kilichoweza kupita bila mtunzaji wa kiini. Siku ya tisa ikaja barua kutoka kwenye anwani yake: Nimeridhia. Badru. Ilikuwa chini ya kile kiraka cha usikivu. Siku hiyo hiyo zikaja barua nyingine kumi na tatu, zote za maneno yale yale, na kila moja ilifika dakika moja baada ya kiraka kutumwa.

Mwanamize alizisoma akiwa amesimama. Mtu aliyemposa, kisha mwenyewe akaomba wiki mbili zaidi za kufikiri, leo anaridhia kwa dakika moja.

Lakini kwa Bi Salame, mama yake Badru, barua zile zilikuwa uhai. Bi Salame hakujua kusoma. Kila mchana alimwita mkwewe na kumuuliza lile lile.

"Leo kaandika?"

"Kaandika, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara kumi na nne."

"Basi mzima. Mgonjwa haandiki mara kumi na nne."

Hapo Mwanamize alinyanyuka. Aliingia jikoni akajifanya anatafuta chumvi.

Mheshimiwa Pakacha alipendezwa sana na kasi hiyo ya ridhaa. Zamani kiraka kilihitaji kukubaliwa na watunzaji wanne, na wanne hao, kwa kuwa walikuwa hai, walikuwa na maswali. Waziri akapeleka bungeni Sheria ya Ridhaa Moja: kuanzia sasa ridhaa ya Badru peke yake inatosha, na bila ridhaa ya Badru hakipiti kitu, hata nukta. Kufuli la sheria hiyo likajengwa ndani ya Wazi wenyewe, ili mashine ikatae hata kama binadamu atashawishika, na ili kinachoridhiwa kisambae nchi nzima papo hapo, bila kupita mkononi mwa mtu. Kwa kuwa mambo yalikwenda vizuri, sheria ikapanuliwa. Likizo za watumishi, ununuzi wa fagio, uhamisho wa walimu, vyote vikaenda kwa Badru, na Badru akaridhia.

Sherehe za kuizindua sheria zilifanyika Bohari Namba Tatu, kwenye sakafu mpya ya zege ambapo jenereta kubwa la Wizara lilikuwa limefungwa. Waziri alimsifu mkandarasi aliyelimwaga zege lile kwa siku moja tu, Alhamisi moja, bila kusubiri hata kibali. Kisha kikundi cha ngoma kikacheza juu yake mpaka vumbi likapanda. Mwanamize aliitazama sherehe ile kwenye televisheni akikunja nguo, na hakujua kwa nini ilibidi aizime.

*

Mwezi wa saba ililetwa bahasha. Ndani yake mlikuwa na fomu iliyoandikwa Vifaa vya Mtu Asiyekuwepo, na miwani ya Badru. Kioo kimoja kilikuwa na ufa.

Badru bila miwani hakuweza kutofautisha kioo cha kompyuta na dirisha. Mwanamize aliishika ile miwani, akaketi kitandani, akajua. Hakuhitaji kuambiwa. Aliyekuwa akiandika mara kumi na nne kwa siku hakuwa mumewe, na mumewe hakuwa masomoni, wala hakuwa popote panapopokea barua. Aliificha miwani sandukuni, chini ya kanga, ili Bi Salame asiione.

Kuanzia hapo alitaka jambo moja tu. Alitaka kukaa eda, miezi minne na siku kumi, kama mwanamke yeyote aliyefiwa. Alitaka khitma isomwe, watu waje wakae mkekani, aambiwe pole. Kuishi na mume anayeridhia ununuzi wa fagio huku kaburi lake halijulikani kulikuwa kunamla taratibu. Usingizi ulimkimbia, na mchana alijikuta anasikiliza kama feni la mashine kuukuu linakohoa, ilhali mashine ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa tangu ile Jumatano.

Alikwenda kwa sheikh. Sheikh alimhurumia, lakini alisema asubuhi ile ile kompyuta ya msikiti imeletewa nyakati mpya za sala, zimeridhiwa na Badru, na yeye hawezi kumsomea khitma mtu aliyempangia saa ya adhuhuri. Alikwenda kwa msajili wa vifo. Karani aliandika jina, akasubiri, kisha akamgeuzia kioo ajionee mwenyewe.

"Mama, mumeo kaandika dakika mbili zilizopita. Mimi barua yangu ya mwisho nimejibu mwaka juzi. Nikiangalia vizuri, kati yangu na yeye, maiti ni mimi."

Alisema kwa upole kabisa, na akamgongea muhuri wa kuthibitisha kwamba amefika.

*

Aliyempa wazo alikuwa Mzee Ngoda, mtunzaji wa sehemu ya saa, mtu mzima aliyekuwa Barazani tangu kuasisiwa. Alimtembelea alasiri moja akiwa na mfuko wa machungwa. Alizungumza habari za machungwa kwa muda mrefu, kwa ajili ya masikio ya kompyuta iliyokuwa ikiwaka sebuleni. Kisha wakatoka uani, na huko alimweleza kwamba katika nchi hii watu wamefungwa kwa nyimbo, kwa fulana, hata kwa kucheka msibani mwa kiongozi, lakini hajawahi kusikia mtu amefungwa kwa kusahihisha orodha.

"Ndiyo ada yetu, binti yangu. Mwenzetu akiondoka, anahamishwa. Andika kiraka. Waache wao ndio waseme kwa nini hakipiti."

Kiraka kilikuwa kidogo kuliko vyote alivyopata kuandika. Kiliondoa mstari mmoja kwenye WATUNZAJI, kikaongeza mitatu kwenye SHUKRANI. Jina: Badru Shomvi. Kazi: kiini cha Wazi, miaka kumi na minane. Alipofika kwenye Mahali, vidole vilisimama. Aliuacha mstari mtupu. Kwenye maelezo aliandika kwamba Badru Shomvi hayupo tena na anaomba jina lake lihamishwe, akakituma Barazani kabla hajaogopa.

Baraza lilikaa kimya siku mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya uhuru. Kisha lilianza kufanya kazi linayoiweza. Mtunzaji wa rangi alisema mistari imesogezwa nafasi mbili badala ya nne. Mwanamize alisahihisha, akatuma toleo la pili. Mtunzaji wa spika alitaka kujua maana ya hayupo tena: hayupo kwa muda, hayupo kikazi, au hayupo kabisa? Akatuma la tatu. Mwingine alisema si kweli kwamba Badru alitumika miaka kumi na minane, kwa kuwa leo asubuhi ameridhia uhamisho wa walimu mia mbili, hivyo isomeke kumi na minane na ushei. Likaja la nne. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Mistari Mitatu, ikafika wajumbe thelathini na mmoja na dereva. Kamati ilikutana siku sita kuamua kama mstari wa Kazi uandikwe kwa wakati uliopo au uliopita, na ikapendekeza uandikwe kwa penseli.

Usiku Mwanamize alikuwa akiota anaandika toleo la mia tisa. Mchana alitengeneza walichotaka na kutuma tena.

Toleo la saba ndilo lililoharibu mambo. Katibu wa Baraza, Bwana Chanzi, mtumishi mtiifu wa Wizara aliyezijua kanuni zote kwa moyo na hakujua kitu kingine, alikiangalia kiraka kwa jicho la kazi yake. Akaandika kwamba kwa mujibu wa Kanuni ya Shukrani, kifungu cha nne, mstari wa Mahali hauruhusiwi kuachwa mtupu, na kwamba kiraka hakitasikilizwa mpaka ielezwe mtajwa yuko mahali gani.

Mwanamize aliisoma barua ile mara tatu. Kisha akajibu:

"Ndugu Katibu, nakubali kosa langu. Mimi mahali sipajui. Anayepajua naomba apajaze."

Mtunzaji wa kibodi akaandika kwamba Katibu ana haki, kanuni ni kanuni, kwa hiyo mahali ni wapi? Mtunzaji wa herufi akaunga mkono na kuuliza mahali ni wapi. Mzee Ngoda, kwa heshima zote za uzee, alisema amekaa Barazani miaka mingi na hajapata kuona mstari mtupu, na angependa kusaidiwa, mahali ni wapi? Kufikia wiki ya pili barua zilikuwa mia nne. Waliandika wanafunzi, waliandika wauguzi wa zahanati, aliandika karani wa msajili wa vifo ambaye alikuwa hajajibu barua tangu mwaka juzi. Hakuna hata mmoja aliyeilaumu serikali. Wote waliitetea kanuni. Polisi walizisoma barua zote na kuzisoma tena, wasione kosa.

Bwana Chanzi alihamishiwa jangwani, kwenye kituo cha kupima mvua. Uhamisho wake uliridhiwa kwa dakika moja.

*

Mheshimiwa Pakacha alihutubia taifa kutoka bungeni saa saba mchana, watu wakiwa mezani.

"Ndugu wananchi, serikali yenu haifichi mtu. Na ikitokea mtu amefichwa, basi amefichwa kwa uwazi. Kuna wanaosema mtunzaji wetu hayupo. Sasa mimi nawauliza, juu ya kifo cha mtu, ni nani shahidi bora kuliko mwenyewe? Kiraka hiki kitapelekwa kwa Badru. Badru atasema kama amekufa."

Wabunge walipiga meza kwa dakika nne. Na kwa kweli waziri hakuwa na hofu. Katika chumba namba kumi na moja cha Wizara alikuwa ameketi mtumishi mwenye cheo cha Afisa Ridhaa Mwandamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwa Badru kuanzia saa mbili hadi saa tisa na nusu. Afisa huyo alikwisha kupewa agizo: hiki kimoja kikataliwe.

Nyumbani, Bi Salame aliisikia hotuba yote. Aliizima redio, akamgeukia mkwewe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mize, unataka kumuua mwanangu kwa kompyuta?"

Mwanamize aliinuka. Alikwenda chumbani, akafungua sanduku, akarudi na miwani, akamwekea mikononi. Bi Salame aliipapasa kama anayepapasa uso. Alipita na kidole juu ya ule ufa. Kisha akachukua ncha ya kanga yake, akaanza kuvifuta vioo taratibu, kimoja halafu kingine, akafuta mpaka hapakuwa na cha kufuta, na bado akaendelea. Mwanamize alikaa chini miguuni pake, na walilia wote wawili bila kutoa sauti, kompyuta isije ikawasikia.

Tangu siku hiyo Bi Salame hakuuliza tena kama kaandika.

*

Kiraka, toleo la kumi na tisa, kilipelekwa kwa mtunzaji wa kiini Jumatatu saa tatu asubuhi. Taifa lilitazama saa. Dakika moja ilipita. Ikapita saa nzima. Ikapita siku. Kwa mara ya kwanza tangu aende masomoni, Badru alikuwa hajajibu. Walimu hawakuhamishwa, fagio hazikununuliwa. Siku ya pili Wizara ilivunja mlango wa chumba namba kumi na moja, na kiti kikakutwa kitupu. Afisa Ridhaa alikuwa amekwenda likizo tangu Jumatatu, akaaga vizuri, akaacha fomu mezani. Chini ya fomu palikuwa pameandikwa: Nimeridhia. Badru. Kompyuta yake ilikuwa baridi, na tangu hapo wasaidizi wa waziri walikipita chumba kile kwa haraka.

Alhamisi mchana, siku ya tatu ikiwa imetimia, barua ilifika. Mwanamize alikuwa anachambua mchele. Aliifungua kwa mkono wenye vumbi la mchele, akaona si ridhaa wala si katazo. Ilikuwa swali.

Umejaribu kwenye mashine kuukuu?

Aliuweka ungo wa mchele kando. Swali lile lilikuwa limekoma tangu ile Jumatano. Ni kweli kwamba yeyote angeweza kulichukua kwenye barua za miaka kumi na minane zilizo wazi kwa kila mtu, na mwenye akili timamu angeishia hapo. Mwanamize alijiambia hivyo. Hata hivyo aligeuka na kutazama nyuma yake.

Alikitoa kitambaa, akaiwasha mashine. Feni lilikohoa, likakwama, likakohoa tena. Bi Salame alitoka chumbani aliposikia mlio ule, akasimama amejishikilia mlangoni. Mwanamize alikiweka kiraka ndani, akaizima, akaiwasha upya. Majina ya SHUKRANI yakaanza kupita, mafundi wa zamani na makaburi yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka la mwisho likasimama. Jina: Badru Shomvi. Kazi: kiini cha Wazi, miaka kumi na minane. Mahali, na mbele yake kijimstari kikiwaka na kuzima.

"Kinachowakawaka hapo ni nini?" aliuliza Bi Salame.

"Ni mahali, mama. Panasubiri."

Akaandika Barazani kwamba amejaribu kwenye mashine kuukuu, inafanya kazi, kimebaki kimoja tu. Jibu lilikuja kabla hajainua mikono.

Nimeridhia, pamoja na rekebisho dogo. Mahali: Bohari Namba Tatu, chini ya zege la jenereta. Badru.

*

Kufuli la Ridhaa Moja lilifanya kazi kama lilivyojengwa. Kiraka kiliingia nchi nzima bila kuhitaji mkono wa mtu, mashuleni, bandarini, benki, kambini, Ikulu. Wizara iliandika kiraka cha kukitendua kwa dakika kumi na moja, bila kamati, na waziri akakituma mwenyewe. Wazi ukajibu kwa heshima kwamba kiraka chake kimepokelewa na kinasubiri ridhaa ya mtunzaji wa kiini. Waziri akauliza mtunzaji wa kiini ni nani. Wazi ukajibu hakuna. Akaagiza ateuliwe mwingine, akaambiwa kuteua ni kubadili mstari, na kubadili mstari kunahitaji ridhaa ya mtunzaji wa kiini. Wanasheria wakaombwa wabadili sheria. Walirudi wakasema sheria inaweza kubadilishwa alasiri hii hii, isipokuwa kufuli halijui kusoma gazeti la serikali.

Basi likabaki jambo moja. Kwa kuwa majina huonekana kompyuta inapowashwa, Mheshimiwa Pakacha alitoa agizo kwamba kompyuta za serikali zisizimwe kamwe. Likabandikwa kila mlango: USIZIME. Na kwa kuwa umeme wa mjini ulikuwa na tabia zake, jenereta la Bohari Namba Tatu likaamriwa lingurume mchana na usiku.

Jumamosi saa nne asubuhi, Mwanamize na Bi Salame walifika kwenye lango la bohari. Siku za Jumamosi Wizara ilikuwa inafanya kazi, kwa sababu ya hali. Bi Salame alikuwa amebeba mrashi wa waridi na chetezo. Mwanamize alikuwa ametayarisha maneno ya kumbembeleza askari, lakini askari hakuuliza vitambulisho. Alivua kofia.

"Poleni, bibi. Tumeshasoma. Piteni huku, angalieni nyaya."

Zege lilikuwa la kijivu, safi, bado jipya. Jenereta lilikuwa juu yake likitetemeka, na mtetemeko ulipanda miguuni. Bi Salame alinyunyiza waridi, matone yakarukaruka juu ya sakafu kwa ule mtikisiko. Akafungua mikono, akaanza kusoma, akaacha. Hakuwa anajisikia mwenyewe.

"Mwanangu," alimwambia askari, "hiki kinachonguruma kizime kidogo. Siwezi kumsomea mtoto wangu kwa kupigiwa kelele."

Askari alilitazama agizo lililobandikwa ubavuni mwa jenereta. Umeme wa mjini ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Alilitazama tena, na kisha akashusha swichi.

Kimya kilichoshuka kilikuwa kizito mpaka Mwanamize alishika bega la mama mkwe wake. Ng'ambo ya ua, kwenye jengo la Wizara la ghorofa nne, vioo vyote vya kompyuta vilizimika kwa pamoja, na watumishi wakaja madirishani kutazama kulikoni. Waliwaona wanawake wawili wamesimama kwenye zege. Bi Salame alisoma Fatiha bila haraka, kisha Yasini nzima kwa kichwa, kisha akamwombea mwanawe kwa maneno yake mwenyewe, ambayo si ya kuandikwa hapa. Askari aliitikia amin. Kutoka madirishani nako ilisikika amin, si kubwa, lakini ilikuwa ya watu wengi.

Ndipo askari akapandisha swichi. Jenereta likakohoa, likakwama, likakohoa tena, na Mwanamize akafumba macho kwa mlio ule. Alipoyafumbua, kompyuta za Wizara zilikuwa zinawaka, chumba kwa chumba, ghorofa kwa ghorofa, na kwenye kila kioo majina yalipita na la mwisho likasimama, likisubiri mtu abonyeze kitufe ili kazi iendelee. Mwanamize alingoja aone nani ataanza. Watumishi walikuwa wamesimama kando ya meza zao, mikono imening'inia. Kitambo kirefu kilipita, na katika jengo lote hapakuwa na aliyebonyeza.

Alimshika Bi Salame mkono, wakarudi nyumbani, na adhuhuri hiyo Mwanamize akaanza eda.